RAM ndogo, diski kubwa: kurekebisha mfumo wa faili wenye jarida bila kupoteza kazi za watu

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi hapa Mwanza si mpya. Ziko kwenye steshenari za Makoroboi na Igoma, kwenye vibanda vya wanunuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, kwenye maabara za shule mpaka Nansio. Ni mashine za mezani zenye RAM ya MB 512 au GB 1, zimewekewa Linux kwa kuwa Windows ya sasa inazilemea, kisha mwenye nayo akaongeza diski ya TB 1 au 2 ya kuwekea kazi za wateja. Memori ndogo na diski kubwa: hapo ndipo tabu inapoanzia siku umeme ukikatika vibaya. Mashine inawaka na kuishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi, fundi anaendesha `fsck` (programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili), inakwenda kidogo inakatika, na mteja anaambiwa diski imekufa. Mara nyingi diski ni nzima. Kilichokwisha ni memori ya kufanyia ukaguzi.

Mwongozo huu ni wa ext4 hasa, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, yaani utaratibu wa kupanga faili kwenye diski. Ext3 hatua zake ni zilezile. XFS, mfumo mwingine wa Linux, nimeiwekea sehemu yake fupi huko chini. Kama diski yako ni NTFS, yaani imetoka kwenye Windows, irudishe kwenye Windows uendeshe `chkdsk`. `Ntfsfix` ya Linux hutengeneza mambo madogo tu, usiitegemee.

Jarida linalinda nini

Karani wa mwaloni anayejua kazi huandika gunia kwenye daftari kabla halijapanda kwenye lori. Likitokea la kutokea, daftari linaonyesha lipi lilishapanda na lipi bado. Jarida la ext4 linafanya hivyo kwenye diski. Mabadiliko huandikwa kwanza jaridani, ndipo yakapelekwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati, wakati wa kuwasha mfumo husoma jarida, hukamilisha yaliyokamilika kuandikwa na kutupa yaliyobaki nusu. Ukiona `recovery complete` kwenye ripoti za kuwasha, ndiyo hiyo. Si ugonjwa, ni dawa imefanya kazi.

Ila kwa mpangilio wa kawaida wa ext4, unaoitwa `data=ordered`, kinachoandikwa jaridani ni taarifa za mfumo tu: majina, ukubwa, bloku (vipande vya diski) zipi ni za faili lipi. Maneno uliyoandika ndani ya barua ya mteja hayapiti humo. Jarida hufungwa kila baada ya sekunde 5, lakini data yenyewe inaweza kukaa kwenye RAM hata nusu dakika kabla haijashuka kwenye diski. Ndiyo maana baada ya umeme kukatika unaweza kukuta mfumo mzima kabisa na faili la mwisho lina baiti sifuri. Hapo hakuna cha kurekebisha. Faili halikuwahi kufika.

Hatua ya 1: acha kuandika, soma ripoti

Kama mashine bado inawaka, usianze kufuta vitu wala kusakinisha programu ya uokoaji kwenye diski hiyohiyo. Fungua terminali:

```
dmesg | grep -iE 'ext4|jbd2|xfs|i/o error|ata|killed'
```

Skrini ikijaa, ipige picha kwa simu. Diski ikiwa imegeuzwa kuwa ya kusoma tu huwezi kuhifadhi ripoti humo, na ukizima mashine ripoti inaondoka nayo.

Sasa soma unachokiona. `Aborting journal on device sda2-8` ikifuatiwa na `Remounting filesystem read-only` maana yake mfumo umekuta kosa ukaamua kujifungia usiharibu zaidi. Hiyo `-8` ni inodi namba 8 (inodi ni kumbukumbu ya mfumo kuhusu faili moja), mahali ext4 inapoweka jarida lake. Ujumbe huu haukuambii sababu. Sababu iko mistari kadhaa juu yake, kwa hiyo panda juu.

Juu ukikuta `I/O error, dev sda, sector` na namba, diski yenyewe au waya wake haujibu. Nenda hatua ya 2 moja kwa moja, na usiguse `fsck` bado.

Ukikuta `Out of memory: Killed process` na jina `e2fsck` au `fsck.ext4` pembeni (ndiyo `fsck` ya ext4 yenyewe), umeshapata jibu: ukaguzi uliuawa kwa kukosa memori. Ukiiendesha mwenyewe utaona neno `Killed` tu, na ukiuliza `echo $?` utapata 137. Wakati mwingine yenyewe hujitoa ikisema `Memory allocation failed`. Yote mawili ni habari ya RAM, diski haihusiki.

Halafu kuna ujumbe unaotisha watu bure: `task jbd2/sda2-8 blocked for more than 120 seconds`. Hiyo ni kazi ya jarida imengoja kwa zaidi ya dakika mbili. Kwenye mashine ya MB 512 iliyofunguliwa kivinjari, memori imejaa, swapu (sehemu ya diski inayoazimwa kama RAM) inakwenda na kurudi, diski hainyamazi. Jarida linasubiri foleni kama wengine. Angalia `free -m`. Kama swapu imejaa na hakuna `I/O error` popote, funga programu na subiri. Usichomoe waya wa umeme, maana ndipo utakapotengeneza tatizo ambalo halikuwepo.

Hatua ya 2: hakikisha diski ni nzima

```
smartctl -a /dev/sda
```

Hiyo ndiyo SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe (programu yake imo kwenye flashi ya fundi ya hatua ya 4). Usisumbuke na jedwali zima. Angalia namba 5 (`Reallocated_Sector_Ct`), 197 (`Current_Pending_Sector`) na 198 (`Offline_Uncorrectable`), safu ya mwisho kabisa kulia. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu diski imeshindwa kuzisoma. Ikiwa inaongezeka kila ukitazama, diski inakufa kweli, na kila dakika ya ukaguzi inaisogeza karibu na mwisho wake. Nakili kwanza.

Namba 199 (`UDMA_CRC_Error_Count`) ni kitu kingine. Ikipanda, mtuhumiwa ni waya wa SATA. Badilisha waya, bei yake haifiki hata robo ya diski. Vumbi na unyevunyevu wa ziwani hukaa kwenye vichwa vya waya, na mashine iliyokaa miaka karibu na mlango inajulikana.

Diski ya nje ya USB inayopiga tik-tik na kupotea inaweza kuwa na njaa ya umeme tu. Matundu ya mbele ya keisi za zamani ni dhaifu. Hamishia nyuma, au tumia habu yenye adapta yake.

RAM nayo huharibika, na RAM mbovu ni mbaya kuliko RAM ndogo, kwa sababu itaandika takataka kwenye diski wakati `fsck` inadhani inatengeneza. Kama makosa yanarudi kila wiki mahali tofauti na SMART iko safi, washa `memtest86+` uiache izunguke mara kadhaa. Kosa moja tu linatosha kuitoa stiki hiyo.

Hatua ya 3: nakili kabla ya kutengeneza

Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. `fsck` haipo kwa ajili ya kuokoa faili. Kazi yake ni kuufanya mfumo ukubaliane na nafsi yake, na ikibidi itakata faili ili hesabu zikae sawa.

Diski ikiwa nzima, ipachike (`mount`) kwa kusoma tu:

```
mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt/zamani
```

`ro` peke yake haitoshi. Ext4 ikikuta jarida lina kazi ambayo haijakamilika, italikamilisha na kuandika kwenye diski hata kama umeomba kusoma tu. `Noload` ndiyo inayoizuia. Kwa kuwa jarida limerukwa, faili chache za mwisho zinaweza kuonekana vibaya. Chukua zinazosomeka.

Diski ikiwa na sehemu zisizosomeka, tumia ddrescue (kwenye Debian kifurushi kinaitwa `gddrescue`):

```
ddrescue -n /dev/sda2 /mnt/nje/sda2.img /mnt/nje/sda2.map
ddrescue -r3 /dev/sda2 /mnt/nje/sda2.img /mnt/nje/sda2.map
```

Mzunguko wa kwanza huchukua yanayosomeka kirahisi, wa pili hurudi kwenye magumu. Faili la `.map` linakumbuka ilipofikia, kwa hiyo LUKU ikiisha katikati unaendelea ulipoachia. Ddrescue haili memori. Mashine ya MB 512 inaiweza. Diski ya kupokea isiwe FAT32, maana hiyo haikubali faili linalofika GB 4. Kisha ukaguzi wote ufanyie kwenye nakala, `e2fsck` inakubali faili la picha kama inavyokubali diski.

Hatua ya 4: ipe `fsck` mahali pa kufanyia kazi

Kama jirani ana mashine ya GB 4, chomoa diski ukafanyie kwake. Nasema hivyo bila aibu yoyote. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote zinazofuata. Yaliyo hapa chini ni ya pale ambapo mashine hiyo haipo, au diski ni ya IDE (ile ya waya mpana wa zamani) na hakuna mashine nyingine inayoikubali.

Ukaguzi unakula memori kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ramani za bloku: diski ya TB 2 yenye bloku za KB 4 ina bloku kama milioni 488, ramani ya biti moja kwa kila bloku ni MB 61 hivi, na ukaguzi hauhitaji ramani moja tu (matoleo mapya huzibana, ya zamani hayabani). Ya pili ni idadi ya folda. Ya tatu, ndiyo inayoua zaidi, ni faili zenye majina mengi yanayoelekea kwenye inodi moja. Programu za bakapu za kila siku zinapenda sana mtindo huo, kwa hiyo diski ya bakapu itakusumbua kuliko diski ya picha za harusi yenye ukubwa uleule.

Dawa ni kutengeneza flashi ya fundi kabla ya siku ya tabu. Chukua flashi ya GB 16 au zaidi, usakinishe juu yake Debian kamili isiyo na dawati (desktop), pamoja na `smartmontools`, `gddrescue` na `xfsprogs`. Mashine ya biti 32 itumie Debian 12, kwani Debian 13 ya 2025 haina tena kisakinishi cha i386. Wakati wa kusakinisha chomoa diski ya ndani, la sivyo GRUB, programu inayowasha mfumo, inaweza kwenda kukaa huko. Tenga GB 2 za swapu kwenye flashi.

Ukishawasha kwa flashi hiyo hakikisha swapu inayotumika ni ya flashi, si ya diski mgonjwa:

```
lsblk -f
swapon --show
```

Usisome haraka matokeo ya `lsblk`. Herufi za diski hubadilika kila unapochomeka kitu. Sda ya jana inaweza kuwa sdb leo. Tazama ukubwa na jina.

Kisha tengeneza folda ya kazi na faili la mpangilio:

```
mkdir -p /var/cache/e2fsck
nano /etc/e2fsck.conf
```

Ndani yake andika:

```
[scratch_files]
    directory = /var/cache/e2fsck
```

Mistari hiyo miwili inaiambia `e2fsck` iweke orodha za folda na hesabu za majina kwenye flashi badala ya RAM. Folda isipokuwepo mpangilio haufanyi kazi, na isiwe kwenye diski unayoikagua. Gharama yake ni muda. Kazi ya nusu saa inaweza kuwa ya usiku kucha. Ianzishe jioni, kwenye mashine iliyo na UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), ukafanye mengine.

Hatua ya 5: ukaguzi wenyewe

Diski isiwe imepachikwa popote. Anza kwa kutazama:

```
e2fsck -fn /dev/sda2
```

Itakuonya kwamba imeruka jarida, kwa hiyo makosa mengine itakayoyataja yangejiondoa yenyewe jarida likisomwa. Usiogope wingi wake. Unachotafuta ni kama inafika `Pass 5`, hatua yake ya mwisho, bila kufa. Ikifika, memori inatosha. Ikifa, rudi hatua ya 4 uongeze swapu.

```
e2fsck -f -v -C 0 /dev/sda2
```

`-C 0` inaonyesha mstari wa maendeleo, na kwenye mashine ya pole huo ndio utakaokuzuia usidhani imeganda. Itaanza kwa kurudia jarida, kisha itapita hatua zake tano. Itakuuliza maswali. Kama una nakala kutoka hatua ya 3, ongeza `-y` ulale. Kama huna, jibu moja moja, na ukiona inataka kufuta inodi mamia kwa mamia, isimamishe kwa Ctrl-C ukanakili kwanza.

Ikimaliza, `echo $?`. Sifuri ni safi, 1 ni makosa yamerekebishwa, 4 kuna yaliyobaki. Iendeshe tena mpaka irudishe sifuri. Mara ya kwanza kurudisha 1 ni kawaida. Nane ni kosa la uendeshaji, mara nyingi umekosea jina la diski au bado imepachikwa.

Ikiuliza `Superblock has an invalid journal (inode 8). Clear?` jibu ndiyo. Jarida limeharibika lenyewe. Litafutwa, ukaguzi utaendelea kamili, na mwishoni itajitolea kuliunda upya.

Ikikataa kabisa kwa kusema bloku kuu (`superblock`, yenye maelezo ya mfumo mzima) haisomeki, ext4 huweka nakala zake. Kwa bloku za KB 4 ya kwanza iko 32768:

```
e2fsck -f -b 32768 -B 4096 /dev/sda2
```

Ikikataa, jaribu 98304, kisha 163840. Wengine hutumia `mke2fs -n` kuzitafuta. Inafaa, lakini ukiisahau hiyo `-n` umefomati diski ya mteja, kwa hiyo mimi naanza na namba hizo nilizozikariri.

Faili zilizopoteza jina utazikuta `lost+found`, zimepewa alama ya reli (`#`) na namba. Amri `file *` ndani ya folda hiyo itakuambia ipi ni picha na ipi ni PDF.

Kama ni XFS

Usikimbilie `xfs_repair`. Jarida la XFS husomwa kwa kupachika: pachika kawaida, bandua (`umount`), ndipo ukague kwa `xfs_repair -n`. Kikomo cha memori unakiweka kwa `-m`, kwa MB, na `-P` huzuia kusoma mbele kwa mbele kunakoongeza mzigo. Ukitaka kujua inahitaji kiasi gani, ipe kikomo cha uongo:

```
xfs_repair -n -vv -m 1 /dev/sda2
```

Italalamika na kukutajia kiwango cha chini inachohitaji. `-L` inalitupa jarida zima na yaliyomo. Ni ya mwisho kabisa, baada ya kupachika kushindikana na nakala kuwa mkononi.

Baada ya mashine kurudi

Kitu cha kwanza ni UPS, hata ya dakika kumi. Msimu wa mvua radi za ziwani hazibishi hodi. Chomeka keisi na skrini vyote viwili, maana bila skrini hutaweza kuzima kwa utaratibu.

Cha pili watu hawakijui: ext4 ikikuta kosa, kwa kawaida yake huendelea kuandika. Debian na Ubuntu za zamani huweka `errors=remount-ro` kwenye diski ya mfumo tu, ile ya kazi za wateja inaachwa hivihivi. Ibadilishe:

```
tune2fs -e remount-ro /dev/sdb1
```

Kisha punguza data inayokaa kwenye RAM ikisubiri kushuka. Ndani ya faili jipya `/etc/sysctl.d/99-diski.conf` (Debian 13 haisomi tena `/etc/sysctl.conf`):

```
vm.dirty_background_bytes = 8388608
vm.dirty_bytes = 33554432
```

Yaani MB 8 zikifika inaanza kuandika, MB 32 zikifika programu zinasubirishwa. Kwenye mashine ndogo yenye diski ya USB hii huondoa hata ile hali ya kuganda unaponakili faili kubwa.

Utakutana na ushauri wa kuondoa jarida kabisa ili mashine iwe nyepesi. Kwa mji ambao umeme unakatika bila taarifa sikubaliani nao. Bila jarida, kila mkatiko unadai ukaguzi kamili, na ukaguzi kamili ndio usiowezekana kwenye RAM yako. Kama ni lazima upunguze, punguza ukubwa. Jarida la kawaida kwenye diski kubwa ni MB 128 au zaidi, na likiwa kubwa huruhusu mabadiliko mengi kukaa kwenye memori kwa pamoja. Diski ikiwa imebanduliwa na imeshakaguliwa:

```
tune2fs -O ^has_journal /dev/sdb1
e2fsck -f /dev/sdb1
tune2fs -J size=32 /dev/sdb1
```

Mwisho, fungua `/etc/fstab` na utazame namba ya mwisho kwenye mstari wa diski kubwa. Ikiwa 2, mashine itajaribu kuikagua yenyewe wakati wa kuwasha, pasipo flashi yako wala swapu ya ziada, na asubuhi mteja atakukuta umekaa mbele ya skrini isiyosogea. Iwe 0. Diski hiyo utaikagua kwa mkono, kwa flashi ya fundi, Jumapili duka likiwa limefungwa.